Ushindi Mmoja wa Wenceslao Mañón

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi katika klabu yetu ya besiboli, Kaa wa Boca Mansa, ndugu Wenceslao Mañón, mrushaji wa akiba na mashoto wetu pekee, alistaafu rasmi Jumapili tarehe 26 Januari. Mimi nilikuwa mdakaji wake wa mazoezi miaka yote hiyo, kwa hiyo najua mengi, na mengine mkewe ameniomba nisiyaandike.

Kazi yake ilikuwa moja. Mpigaji hatari wa mkono wa kushoto akisimama, Wenceslao huitwa, humrushia mipira minne au mitano, kisha hutolewa. Mkewe, Doña Miguelina, alizoea kusema kwamba mumewe huenda kazini kama mtu anayefuata miwani aliyosahau. Mwaka mmoja alikaa kwenye basi muda wa saa sita kwenda mechi ya ugenini, akarusha mpira mmoja, akakaa kwenye basi saa sita nyingine kurudi. Alilala siku mbili akidai kazi ilikuwa nzito.

Alichokosa ni ushindi. Katika besiboli ushindi huandikwa kwa jina la mrushaji mmoja tu, yule aliyekuwa kazini timu ilipopata bao la kuongoza, na kila mara yeye alikuwa ameshatolewa, yuko bafuni anaoga. Jambo hilo lilimuuma sana. Aliniambia angetoa meno yake ya mbele apate ushindi mmoja tu, na kusema kweli ndiyo meno mazuri aliyobaki nayo.

Siku ya mwisho tulikuwa sare, raundi ya tisa na ya mwisho, wageni wanapiga. Wawili wao walikuwa wameshatolewa, mmoja amesimama kituo cha kwanza, na zamu ni ya Castaños, jitu la mkono wa kulia ambalo Wenceslao hajawahi kuliweza. Hapo mbu akamuuma kocha wetu, Don Osvaldo, kwenye mkono wa kushoto, naye akajikuna. Kocha akigusa mkono huo anamwita mashoto, na mwamuzi akishaona hakuna kubadili. Don Osvaldo alimwonyesha hadi uvimbe. Mwamuzi akasema uvimbe si hoja.

Wenceslao aliingia na makombo ya yanikeke, ule mkate wetu wa kukaanga, kwenye masharubu. Kwa kumwogopa Castaños, akarusha mpira kituo cha kwanza, eti amtishe mkimbiaji. Akarusha tena, na tena. Watu wakazomea. Mara ya sita mkimbiaji, aliyekuwa ameanza kupiga miayo, akanaswa nje ya kituo, akawa wa tatu kutolewa, na zamu ya wageni ikaisha. Zamu yetu ilipofika tukapata bao, ushindi ukaandikwa kwa jina la Wenceslao Mañón, ambaye hakuwa amemrushia mpigaji hata mpira mmoja.

Alilia mbele ya watu wote, nami nililia. Kesho yake Don Osvaldo alimfuata nyumbani kumbembeleza abaki msimu mmoja zaidi.

"Hapana, Don Osvaldo," alijibu. "Mimi sasa nimeshashinda. Nikirudi nitaharibu."

Sisi wenzako tunakushukuru kwa yote, na tunakuombea siku nyingi za raha pamoja na Doña Miguelina. Pumzika vema, mshindi wetu.