Mama Kona na Mtihani wa Kitanda

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutandika vitanda vya watu wengine, Mkuu wa Usafi wa Vyumba katika hoteli yetu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake kamili lipo ofisini, lakini ukiliita hapa kazini hakuna atakayegeuka, pengine hata yeye mwenyewe. Kwetu ni Mama Kona, kwa sababu ya zile kona za shuka anazozikunja zikakaa kama bahasha, na kwa sababu kila aliyejifunza kazi mikononi mwake amesikia: “Kona kwanza, mwanangu. Katikati patajinyoosha penyewe.”

Alianzia chini, kwenye chumba cha kufulia, penye mvuke na kelele. Kutoka huko akapanda ghorofa moja baada ya nyingine, kama mtu anayeijua lifti yetu na kwa hiyo hutumia ngazi.

Hoteli hii ni kongwe. Ngazi zake za mawe zimelika katikati, mabomba hukohoa kabla ya kutoa maji, na sakafu ya mbao hulalamika hata ikipitwa na paka. Mama Kona alipoajiriwa alishangazwa na jambo moja, na mshangao huo haujamtoka: mtu ana uwezo wa kulala hoteli mpya ya vioo, mbona anakuja kulala hapa? Wengi wetu tungeliacha swali hilo tukachukua ndoo. Yeye aliwauliza wageni. Mmoja alisema anapenda dari iliyo juu. Mwingine alisema wazazi wake walilala hapa walipooana. Wa tatu alikuna kichwa, akajibu, “Hata sijui, mama, nimelala vizuri tu.” Majibu hayo hayakumtosha. Akaamua kutumia likizo yake kwenda kuwa mgeni, ajionee.

Safari ya kwanza alikwenda na mumewe, fundi seremala, ambaye sisi sote tunamwita Shemeji ingawa nusu yetu ni wa umri wa wajukuu zake. Walipanda treni hadi mji mkubwa, wakafikia hoteli iliyowahi kuwa posta, ambako funguo za vyumba bado zinakaa kwenye visanduku vya barua. Mama Kona alifurahi kama mtoto. Asubuhi, Shemeji akiwa chini anakunywa chai, yeye alitandika kitanda. Kisha akafuta bafu, akakunja taulo, akaficha sanduku kabatini, akafungua dirisha kidogo hewa ipite. Wakatoka kutembea.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Mama Kona alijipa jembe asubuhi ya kwanza.

Mhudumu wa chumba alipofungua mlango aliona mahali ambapo hapajalaliwa na mtu. Akashuka kuwaambia watu wa mapokezi kwamba chumba ni kitupu. Mji ulikuwa umefurika, nao wakampa mgeni mwingine. Jioni Mama Kona na mumewe walikuta ufunguo haupo kisandukuni, na walipobisha hodi walifunguliwa na bwana mmoja aliyejifunga taulo kichwani, akawauliza kwa adabu wanamtafuta nani. Usiku ule walilala kwenye makochi ya mapokezi, wakiombwa radhi kila walipojigeuza. Lakini kilichomuudhi Mama Kona hakikuwa kochi. “Hakufungua kabati!” alituambia aliporudi, na akaendelea kutuambia kwa wiki nzima. “Mimi ningefungua kabati!”

Shemeji naye alikuwa na lake. “Sisafiri tena na mfanyakazi wa hoteli,” alisema. “Siku mke wangu akipatikana, niiteni.”

Akashika neno lake. Tangu hapo Mama Kona alisafiri na dada yake, ambaye hukoroma na hana neno na mtu. Kila mwaka alikwenda hoteli kongwe nyingine, na kila mwaka tulisubiri habari kwenye chumba cha chai. Alituletea lifti yenye geti la chuma la kukunja, inayopanda polepole kiasi cha kusalimiana na kila ghorofa. Alituletea beseni la kuogea lenye miguu ya simba, na dirisha zuri kuliko yote lililotazama ukuta. Kila akifika chumbani huinua godoro kwanza, kisha hunusa kabati, ndipo hukaa.

Hapa kwetu safari zile zilizaa sheria: hakuna chumba kinachoitwa kitupu kabla kabati halijafunguliwa. Sheria hiyo imeokoa makoti na meno ya bandia. Na siku moja ilimfichua bwana harusi aliyekuwa amejibanza humo akifanya mazoezi ya hotuba yake, ili bibi harusi wa chumba cha pili asimsikie. Mama Kona alimsikiliza mpaka mwisho, akamshauri apunguze sehemu ya wajomba.

Na lile swali lake? Miaka mingi baadaye alilijibu, akiwa anasugua kitasa cha shaba. Katika mji mkubwa, alisema, hakuna anayekujua. Halafu unashika kitasa kilicholainishwa na mikono ya watu, unakanyaga ngazi pale pale palipolika, unatambua kwamba si wewe wa kwanza kufika hapa peke yako. Sisi tuliokuja mji huu na sanduku moja, tukidhani ni kwa muda mfupi, hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Alipotangaza kustaafu, alisema ana haja moja tu: kurudi na mumewe kwenye ile hoteli ya posta, na kutoka hapo wazunguke hoteli kongwe za mji ule mwezi mzima. Bila Shemeji hataki. Shemeji akafikiri, akatoa sharti. Walale usiku mmoja hapa kwetu, katika chumba cha roshani cha ghorofa ya pili, ambacho mkewe amekisafisha miaka yote bila kukaa kwenye kiti chake hata kimoja. Asubuhi akitandika kitanda, safari hakuna.

Mazoea yana taabu, na kila mtu alilijua hilo. Jikoni waligawanyika pande mbili. Upande wa waliosema hataweza ulikuwa mkubwa.

Jumamosi iliyopita aliingia kwa mlango wa mbele, mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Mlinda mlango akashika sanduku.

“Leta, mama.”

“Acha, mwanangu, si zito.”

“Mama Kona, ukilibeba umeshaanguka mtihani.”

Akaliachia, kidole kimoja kimoja.

Jumapili asubuhi wawili hao walishuka kunywa chai. Alianza kupanga vikombe vya meza ya jirani, akajikamata, akakalia mikono yake. Msaidizi wake, anayerithi nafasi yake, akapanda ghorofani, nusu ya hoteli ikimfuata nyuma. Akabisha, akafungua.

Taulo lilikuwa sakafuni. Kikombe kilikuwa dirishani na chai yake nusu. Upande wa Mama Kona wa kitanda ulikuwa umevurugika vizuri kabisa, mto miguuni, shuka kama limepiganiwa. Na upande wa pili, upande wa Shemeji, blanketi lilikuwa limenyooshwa, na kona imekunjwa kama bahasha.

Walipouliza nani amekunja kona ile, Shemeji aliinua mkono. “Miaka arobaini nimelala na huyu,” akasema. “Mlitegemea nini?”

Mama Kona alicheka mpaka akashika meza. Safari ipo. Wanaondoka tarehe mosi.

Mama, asante kwa kila kona. Asante kwa kutufundisha kumtazama mgeni kama mtu atokaye mahali. Tunawaombea, wewe na Shemeji, asubuhi zisizo na haraka, na vyumba vyenye dirisha linalotazama kitu.

Nanyi wenzetu wa hoteli za huko: mkikuta chumba kimetandikwa vizuri mno, tafadhali, fungueni kabati.