Mzee Barafu na Mikunjo ya Ukuta wa Machimbo

Ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mjomba wetu, familia imenipa mimi mpwa wake kazi hii kwa sababu nilisomea miamba kama yeye, na pia kwa sababu, kama mama yangu alivyosema mbele za watu, "wewe ndiye huna pa kwenda asubuhi," basi tulieni niwasomee.

Mjomba alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha matofali, akaanza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza sekondari mwaka 1970, akatunukiwa shahada ya jiolojia Ijumaa tarehe 22 Novemba 1974, na Jumatatu iliyofuata alikuwa ofisini, ana meza, kiti na nyundo, jambo ambalo sisi wahitimu wa leo hulisikia kama ngano za sungura na fisi.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyempa sharti moja tu, mawe yasiingie chumbani, sharti ambalo halikumaliza wiki mbili, wakajaliwa binti mwaka 1981, sasa fundi umeme, na mwana mwaka 1985, mwalimu wa hesabu.

Juni 1988 alitumwa kwenye machimbo ya kiwanda kilekile alichozaliwa nyuma yake, akakuta ukuta wa tope lililogeuka jiwe, tabaka nyeupe na nyeusi kwa zamu, nyembamba kama kurasa, kila jozi mwaka mmoja wa ziwa lililoganda na kuyeyuka, na katikati yake tabaka zimekunjamana kama kitambaa kilichosukumwa mezani, akatangaza kwamba hapa, tunapokausha nguo kwa nusu saa, mamilioni ya miaka iliyopita ilipita barafu nene kuliko mnara ikiyasukuma mashapo hayo. Ofisi nzima ilicheka, akabatizwa Mzee Barafu, na mwenzake wa meza ya pili, ambaye nyumbani tulimwita Bwana Maporomoko, na yuko hapa, shikamoo mzee, akashikilia kwamba lile ni tope lililoporomoka tu, kwani vipimo vya dira vya mjomba mwenyewe vilionyesha msukumo ulifuata mteremko. Miaka thelathini na mitano wakabishana, ripoti ikalala kabatini, na mjomba hakutamani kingine ila ikubalike kwamba barafu ilipita pale.

Februari 2023 figo ziligoma, miguu ikavimba, akanituma mimi machimboni nikampigie picha za ukuta, na kwa kuwa kila barua yangu ya kazi hujibiwa "we regret", muda nilikuwa nao, nikapima upya mikunjo mia mbili na kumi na moja, vipimo vikapishana na vyake kwa nyuzi sabini, vyote upande uleule. Kumbe siku zote aliukabili ukuta akiwa ameilaza dira juu ya ubao wake wa kuandikia, ubao wa chuma, nao ukaivuta sindano. Siku nne sikulala vizuri, maana nani amwambie mgonjwa kwamba kazi ya maisha yake imepinda?

Tarehe 17 Mei, wodini, nilimwambia.

"Ubao wa chuma?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na wewe na degree yako umekaa nalo siku nne! Lete kalamu."

Akachora upya mishale ya msukumo, yote ikaukata mteremko kwa ubavu, na tope haliporomoki kwa ubavu, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, "Mzee, utang'oa dripu!" Bwana Maporomoko alifika tarehe 20, akakagua mishale mmoja mmoja, akasema, "Mshenzi wewe, kumbe silaha ulikuwa unanipa mwenyewe," akaisaini ripoti iliyoandikwa upya, na tarehe 11 Septemba ikapokelewa rasmi.

Mjomba alifariki tarehe 6 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani mliokesha nasi, wafanyakazi wenzake mliomcheka na hata hivyo mkaja, na wachimbaji mliouacha ukuta ule bila kuugusa. Aliagiza niwasomee sentensi ya kwanza ya ripoti yake, msije mkamsifu kupita kiasi: "Mwandishi alikosea kwa miaka thelathini na mitano, barafu haikukosea."

Pumzika sasa, Mjomba, kwa amani yote, barafu ilipita pale.