Mkaguzi Aliyejiandikia Notisi

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, Idara ya Mipango Miji itaagana na mama ambaye kwa miaka thelathini na mmoja ameifanya idara hii ichukiwe kwa haki. Tunalisema hili kwa fahari. Zipo idara zinazochukiwa bila sababu yoyote.

Wengi wetu tulimkuta kazini akiwa tayari anaitwa Bi Pimamaji, na jina lake la kwenye orodha ya mishahara tumelijua juzi tu, wakati wa kuandaa keki. Kazi yake ilikuwa kukagua viwanja kabla ujenzi haujapanda. Kanuni yenyewe haina utata: sakafu ya nyumba iwe juu ya usawa wa barabara, ardhi iinamie mbali na kuta, na maji ya mvua ya kiwanja chako yaende mtaroni, siyo sebuleni kwa jirani. Hatujawahi kukutana na mwananchi anayeipinga. Upinzani huanza akishaambiwa kwamba kiwanja kinachozungumziwa ni chake.

Mbali na vipimo vya ofisi, Bi Pimamaji alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Aliomba ndoo ya maji, akaimwaga kwenye kona ya kiwanja, kisha akakunja mikono na kutazama. Mwenye nyumba na mafundi nao walitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mkandarasi mmoja aligundua kona ambayo mama huyo huipenda, akaisawazisha hiyo peke yake kwa ustadi mkubwa. Siku hiyo ndoo ilimwagwa kona nyingine. Dereva wetu, kwa uzoefu, aliegesha gari likiwa limeelekea barabarani.

Lakini wasifu huu haungekuwa kamili bila habari ya mkwewe.

Binti yake wa mwisho alichumbiwa na kijana wa muuza mbao, mtu mkarimu, anayeheshimika mtaani. Mipango ya harusi ilipoiva, muuza mbao akaamua kuinua uwanja wake ili wageni wakae pakavu. Yalikuja malori ya kifusi, uwanja ukapanda hadi karibu na madirisha ya jirani yake, mama mshonaji aliyekuwa akifanya kazi yake katika chumba cha mbele. Mvua ya kwanza iliponyesha, mshonaji akajikuta anakanyaga cherehani huku miguu iko ndani ya maji. Akaja kulalamika ofisini. Eneo lile lilikuwa la Bi Pimamaji.

Ofisi nzima ilimshauri akae pembeni. Mkuu wa idara alijitolea kumtuma mkaguzi mwingine, tena yule mpole. Bi Pimamaji alijibu kwamba mpole akienda atakaribishwa soda, atashukuru, na yule mshonaji ataendelea kushona kwa viatu vya mvua. Akachukua kopo la rangi nyekundu, ile ya kupigia X kuta za waliovunja kanuni, akaenda mwenyewe.

Muuza mbao alimpokea kwa uchangamfu, akidhani amekuja kuona mahali pa kufunga mahema. Alipoiona ile rangi, uso ulimbadilika.

"Mkwe," alisema, "uwanja huu nimeuinua kwa ajili ya mwanao."

"Nashukuru sana, mkwe. Sasa ushushe kwa ajili ya jirani yako."

Akapiga alama ya X ukutani, akaaga kwa adabu zote. Dereva wetu, ambaye hutunza siri za kila mtu isipokuwa hii, anasema mama alilia garini kutoka pale mpaka ofisini, na walipofika alijifuta uso na kuingia kwenye kikao cha saa nne. Binti yake alimnunia kwa wiki kadhaa. Kifusi kiliondolewa, mtaro ukachimbwa, harusi ikafanyika. Kwenye picha zote za ukoo muuza mbao anaonekana akitazama upande mwingine. Tangu hapo salamu zake kwa Bi Pimamaji zilipitia kwa watu wengine, kama vile mama huyo yuko ng'ambo.

Miaka ikapita. Idara ya Barabara, ambayo ni jirani zetu wa ghorofa ya juu, ikaukumbuka mtaa anaoishi Bi Pimamaji. Ikaweka lami juu ya lami, na juu yake nyingine, kwa moyo mmoja, mpaka barabara ikawa juu kuliko baraza lake. Mvua kubwa iliyofuata ilipita mlangoni bila kubisha hodi. Akaandika malalamiko. Malalamiko yakapanda ngazi, yakagongwa mihuri, yakashuka, yakamfikia mkaguzi anayehusika na eneo hilo, yaani yeye.

Tulidhani atayaweka chini ya mafaili mengine, kama binadamu. Alienda nyumbani, akakagua, akajikuta na hatia. Akapiga X kwenye ukuta wake mwenyewe na kujiandikia notisi ya kuinua sakafu. Baadaye aliomba kuongezewa muda. Ombi lilimfikia yeye, akalipitia kwa makini, akalikataa. Notisi nyingine, kuhusu lami ile, ilipanda ghorofani kwa mhandisi wa barabara, na Bi Pimamaji akawa anaketi nje ya mlango wake kila asubuhi hadi akasikilizwa. Leo hakuna mtaa wa manispaa hii unaowekwa lami kabla sakafu za nyumba zake hazijapimwa. Watu hawalijui hilo, kwa kuwa mtu ambaye maji hayajaingia kwake hana la kushangaa.

Jumamosi moja, katikati ya kubomoa na kujaza, lilisimama gari la kubebea mbao mlangoni. Muuza mbao akateremka na mafundi wawili. Aliitazama ile X kwa muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza tangu harusi akamsemesha mwenyewe.

"Nani kakufanyia hivi, mkwe?"

"Mama mmoja wa manispaa," akajibu Bi Pimamaji. "Hasikii la mtu."

"Namfahamu," alisema muuza mbao. Akavua koti, akaomba sepetu.

Bi Pimamaji, asante kwa kutusumbua sote kwa usawa, nawe mwenyewe ukiwemo. Wenye viwanja wamekwisha kuulizia tarehe yako ya mwisho, na tumewaambia kwamba mwanafunzi wako ndiye anayeshika eneo lako, na kwamba yeye huja na ndoo mbili. Maisha yako ya kustaafu yawe marefu, yawe mema, na popote utakapokaa pawe pakavu.