Mama Kopo, Mtetezi wa Matumbo ya Wazee

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Kama mko mezani, endeleeni kula, ila nawatahadharisha mapema: leo tutataja choo. Tutakitaja mara nyingi. Mama tunayemkumbuka hakupenda mambo ya kuzungushazungusha.

Walimwita Mama Kopo. Alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, na kwa miaka thelathini na mmoja alipima choo cha watu. Jina hilo lilitokana na vile vikopo vyenye kifuniko alivyowapa wagonjwa. Mgonjwa akiona haya, alimwambia, "Choo hakina cheo, mwanangu. Lete."

Mama Kopo ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na miwili. Ni ugonjwa wa moyo.

Sasa tusikilize alichofanya.

Mama yake mzazi alivunjika nyonga. Alihitaji uangalizi wa saa zote, akapelekwa kwenye makazi ya wazee. Chumba kilikuwa safi. Wauguzi walikuwa wapole. Lakini siku moja Mama Kopo alipigiwa simu kazini: bibi amekimbizwa hospitali, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Siku tisa hakuwa amepata choo. Siku tisa, wasikilizaji wapendwa, na hakuna aliyeuliza.

Madaktari walihangaika naye siku mbili, akapona. Mama Kopo alipoingia wodini, bibi alimtazama kwa jicho moja, akasema, "Mwanangu, umepima vya dunia nzima. Changu tu ndicho kimekushinda?"

Binti yake Mama Kopo alikuwepo. Ametuambia, "Sote tulicheka. Mama hakucheka. Alichukua mkoba wake, akaondoka."

Alikwenda jikoni kwenye yale makazi. Huko alimkuta mpishi mkuu, mzee mmoja mrefu ambaye zamani aliwapikia wanajeshi. Watu walimwita Kamanda. Mama Kopo alifunua sufuria moja baada ya nyingine. Uji mweupe uliochujwa. Mkate mweupe. Viazi vilivyomenywa na kupondwa. Supu ya maji.

"Maharagwe yako wapi? Mboga je?" akauliza.

"Wazee hawana meno," akajibu Kamanda.

"Meno hawana. Utumbo wanao."

Akamweleza pale pale, akiwa amekanyaga maganda ya viazi. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria, wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Wengi wao hutufaa. Chakula chao ni nyuzinyuzi, ile sehemu ya nafaka isiyokobolewa, ya kunde, mboga na matunda, ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuimeng'enya. Wakiila, hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Nyuzinyuzi pia hukipa choo ujazo na ulaini, kikatembea. Zikikosekana, baadhi ya bakteria hao hugeukia ute unaolinda ukuta huo, wakaanza kuuguguna.

"Kwa hiyo hapa napikia wazee pamoja na wadudu wao?" Kamanda akauliza.

"Umeelewa kuliko madaktari wawili ninaowajua."

Matroni wa makazi akaruhusu chakula kibadilishwe. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, Mama Kopo akaharibu. Kwa hasira ya yale yaliyompata mama yake, alienda kwa pupa. Maharagwe asubuhi, maharagwe mchana, pumba za ngano ndani ya kila kitu. Siku ya tatu wazee walikuwa wamevimba, wanaugulia tumbo. Bibi mmoja alikataa kula kabisa. "Umewageuza wazee wangu maputo!" Kamanda akafoka. Matroni akasimamisha kila kitu.

Binti yake anakumbuka jioni ile. "Mama aliketi sebuleni bila kuvua viatu. Nikajua ameacha. Kumbe anafikiri. Akaniambia, 'Nimekosea mimi, si maharagwe. Vijidudu vilivyozoea njaa huwezi kuviandalia karamu siku moja.'"

Kesho yake alirudi. Alipita kitanda kwa kitanda, wazee ishirini na sita, akaomba radhi kwa kila mmoja. Yule bibi aliyesusa chakula alimweka amesimama dakika nzima, kisha akamwambia, "Basi kaa, unanichosha shingo."

Safari hii alimwomba matroni wiki kumi na mbili. Alimuuliza daktari kwanza, na wazee wawili ambao utumbo wao ulikuwa na njia nyembamba mno wakaachwa nje ya mpango. Wiki ya kwanza ilikuwa kijiko kimoja tu cha maharagwe yaliyopondwa, na glasi ya maji kila mlo. Wiki iliyofuata, viwili. Kamanda, aliyeumizwa na maneno ya maputo aliyoyasema mwenyewe, alianza kuloweka unga usiokobolewa ili uji utoke laini. Mboga alizikatakata hadi zikayeyuka mdomoni. Mama Kopo alifika kila siku akitoka kazini, na daftari lake: nani amepata choo, nani hakupata, nani bado anatumia dawa ya kulainisha.

Wiki ya kumi na mbili ilipoisha, wazee kumi na tisa kati ya ishirini na nne hawakuhitaji tena dawa hiyo. Kumi na tisa. Mama yake alikuwa mmoja wao, na aliishi miaka mingine sita bila kurudishwa hospitali kwa sababu ya tumbo. Wazee watano hawakuona tofauti. Msimamizi wa makazi alitaka hao watano wasitajwe kwenye ripoti ya mpango huo. Mama Kopo alikataa. "Nao wana matumbo," alisema.

Alipostaafu hakupumzika. Kwa miaka kumi na mmoja alizunguka majiko ya makazi mengine, ya shule, hata ya gereza, akifunua sufuria.

Tulimuuliza binti yake: je, watu hawashangai kwamba mtu kama huyu moyo umemshinda? Alijibu bila kusita. "Wanashangaa. Mama aliwajibu mapema. Alisema nyuzinyuzi si hirizi. Alisema, 'Sikuahidi mtu kwamba hatakufa. Nilitaka tu asiteseke kwa jambo ambalo jiko lingeweza kulizuia.'"

Kwa binti yake, kwa wajukuu, kwa Kamanda na wote waliofanya naye kazi, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awape subira.

Na wewe unayesikiliza, huenda una mzee nyumbani. Unamuuliza kama amelala vizuri, kama ameswaki, kama amekunywa dawa. Leo kaa karibu naye, umuulize amepata choo lini. Usicheke. Asipojibu mara moja, usiondoke.