Nakala ya Ufunguo wa Wakazi

Wasifu huu wa fundi kufuli wa mtaa wetu umeandikwa na binti yake wa kwanza, naye ndiye anayeusoma. Waliokuja kusikia marehemu akipakwa mafuta ya sifa watavumilia kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne wa mfua vyuma na mshona magunia. Alikuja duniani mdogo mno, hata baba yake akamlaza siku za kwanza ndani ya sanduku la vifaa, nyundo zikiwa zimehamishiwa chini ya kitanda.

Mwaka 1959 alianza shule ya msingi, ile iliyopakana ukuta na kituo cha polisi. Vilio vya mahabusu vilipokatiza somo la hesabu, mwalimu alisema tu, "Endeleeni kuandika." Waliendelea. Alimaliza akiwa na cheti, na hofu ya polisi kama mtu mwingine yeyote wa mtaa huu.

Mwaka 1969 alifungua kibanda mkabala na zahanati. Kwa zaidi ya miaka hamsini hakuchonga ufunguo kabla ya kumjua mwenye mlango. Ukimpelekea umbo la ufunguo lililokandamizwa kwenye kipande cha sabuni, aliichukua ile sabuni, akanawia mikono mbele yako, akakwambia, "Asante kwa zawadi." Wapo hapa walionawiwa hivyo, wasijifanye wanatafuta leso.

Tarehe 10 Agosti 1974 alifunga ndoa na mama yetu. Alikuwa ameitwa mara tatu wiki moja kufungua mlango wa chumba cha mama uliojifunga. Bibi harusi alikuja kukiri, watoto wote watatu wakiwa wamekwisha kuzaliwa, kwamba ufunguo alikuwa nao siku zote tatu.

Mwaka 2018 mtaa ulianzisha polisi jamii, naye akachaguliwa mwenyekiti. Polisi walitaka taarifa, wakazi waliogopa hata kuonekana karibu na kituo. Marehemu akaunda sanduku la chuma la kutumbukizia taarifa, lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikaa kituoni, wa pili akautunza yeye kwa niaba ya wakazi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi lilifunguliwa hadharani, pande zote mbili zikiwepo, na karatasi zikasomwa bila jina la mtu. Kwa miaka mitatu kazi ilikwenda. Wezi wa mita za maji walikamatwa, askari wakaanza kusalimiwa njiani. Marehemu alivimba kichwa, na hilo nalo liandikwe.

Mwezi Mei 2021 mkuu wa kituo alifika kibandani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akanywa chai.

"Mzee wangu, si tumeshaaminiana? Nichongee na huo wako. Siku ukiumwa, kazi isilale."

Mtu asiyechonga bila kumuuliza mwenye mlango, safari hii hakumuuliza yeyote. Alichonga nakala kwa dakika sita, kisha akapiga tupa kingo zake, usije ukamkwaruza afande.

Jumamosi iliyofuata sanduku lilikutwa tupu. Jumatatu muuza mkaa wa pale kona akachukuliwa. Alikuwa ameandika kwamba askari mmoja anakula sahani moja na wezi wa pikipiki. Jina lake hakuliweka, ila vidole vyake vyeusi vilibaki kwenye karatasi. Alirudi siku ya nne, mkono wa kulia haunyanyuki. Amesimama pale langoni, kwa sababu hakuna aliyempisha kiti.

Wakazi hawakumfuata mkuu wa kituo. Walimfuata marehemu, aliyekuwa karibu na asiye na bunduki. Tarehe 5 Juni walimpiga mawe mbele ya sanduku lake mwenyewe, wateja wa miaka hamsini. Alijikokota hadi kituoni kushtaki, damu ikimtiririka shingoni. Mkuu wa kituo akamwambia, "Andika kikaratasi, mzee, utie sandukuni." Askari wa zamu walicheka mpaka wakashika meza.

Tarehe 9 Juni alipata kiharusi. Ulimi ulimbakizia neno moja, "ufunguo." Alimtuma binti yake kituoni mara tatu kuidai ile nakala, na mara tatu aliulizwa, "Ufunguo gani?" Alikata roho Jumanne tarehe 9 Novemba 2021, saa tisa alasiri, mkono wa kushoto ukizungusha kitu hewani. Aliona aibu mpaka dakika ya mwisho. Alistahili kuiona, lakini si peke yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake mmoja, na mtaa mzima uliobadilisha kufuli kwa fundi mwingine.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizogawiwa. Shada kubwa kuliko yote limetoka kituoni, na kadi yake inasema "Mdau wetu mwaminifu." Aliyelileta ameketi safu ya mbele, funguo zikining'inia kiunoni. Ule wa shaba wenye kingo laini ni kazi ya marehemu. Uwekwe juu ya jeneza, afande. Halitashushwa kabla. Tukishauona, ndipo tutamwambia baba apumzike kwa amani.