Pamba ya Kwenye Chupa

Basi liliporuka tuta, vidonge vikalia chakachaka mkobani mwa binti aliyeketi mbele yangu. Mama mshonaji aliyekaa naye, kapakata cherehani, hata hawajuani, akamnong'oneza: "Mwanangu, tia pamba kwenye chupa, havitalia. Mimi nameza ARV mwaka wa kumi na mbili huu."

"Nakwenda kuvirudisha zahanati, mama. Nimechoka kuishi."

"Unawaza kujiua?"

Binti akaitikia kwa kichwa. Mimi nikasoma tangazo la sabuni lililobandikwa dirishani mara ya tano.

"Asante kwa kuniambia, mwanangu. Hutabaki na wazo hilo peke yako."

Basi likasimama zahanati. "Na mimi nashuka hapa," akasema mama. Nikamsaidia kushusha cherehani, ingawa alipopanda nilimsikia akimwambia konda anakwenda sokoni.