Mama Pazia na Tarehe Zake Mbili za Kuzaliwa

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pazia, alizaliwa tarehe 19 Novemba 1951, saa kumi na moja alfajiri, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi seremala na mkewe.

Naomba nirudie ili kusiwe na minong'ono: Novemba. Naona waliosimama karibu na kaburi wameshageuka kutazama kibao, na kibao kinasema 12 Aprili 1951. Hakuna aliyesinzia kazini. Kibao kimetolewa na wakazi wa mtaa wake, kijitabu hiki kimetolewa na familia, na kila upande una uhakika na ulichoandika. Mimi mdogo wake ninayesoma nimekuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na minne. Nimewarudisha watu nyumbani na machozi yao kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa. Kwa hiyo mnaweza kukisia wiki hii nimelala vipi. Nafuu pekee niliyoipata ni kwamba kwa tarehe yoyote kati ya hizo mbili, dada amefariki akiwa na miaka 72.

Marehemu alianza shule mwaka 1958, katika shule ya msingi iliyopakana na karakana ya baba. Alikuwa hodari wa hesabu, na alikuwa hapendi uongo hata kidogo. Nikiwa na miaka saba nilivunja kioo cha dirisha la jirani, nikasema ni upepo. Dada alinishika mkono hadi mlangoni kwa yule jirani, akabisha hodi, akaniambia, "Haya, mwambie huo upepo unaitwa nani." Mwaka 1966 baba alianguka kutoka juu ya paa akavunjika nyonga. Dada akaacha masomo akiwa na miaka kumi na minne, akaenda kutafuta kazi ili sisi wadogo zake watatu tuendelee kusoma. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, hata pale tulipostahili kukumbushwa.

Alifanya kazi katika kiwanda cha sare kuanzia mwaka huo wa 1966 hadi 1983, akaondoka na cherehani moja aliyouziwa na kiwanda kwa sababu ilikuwa ikipiga kelele. Kwa cherehani hiyo alianza kushona mapazia. Alikwenda nyumba kwa nyumba kupima madirisha, na kila dirisha alilipima mara tatu: mara ya kwanza kwa ajili ya kitambaa, ya pili kwa ajili ya wasiwasi wake mwenyewe, na ya tatu kwa ajili ya mazungumzo. Sidhani kama kuna mtu katika mtaa ule ambaye dada hakujua dirisha lake lina upana gani na nani ndani ya nyumba hasemi na nani.

Alifunga ndoa tarehe 3 Julai 1976 na fundi wa lifti. Walikutana siku lifti ya ghala moja ilipokwama dada akiwa ndani na marobota mawili ya kitambaa. Fundi alimtoa baada ya saa mbili, wakiongea muda wote kupitia upenyo wa mlango. Siku ya harusi, mbele ya wazazi, shemeji yetu alikiri kwamba lifti ilikuwa imepona ndani ya nusu saa. Walijaliwa binti na mwana. Shemeji alifariki mwaka 1994, na mwaka uliofuata dada alihamia mtaa mnaoujua, vyumba viwili vya chini, kile cha mbele akakifanya cha kushonea.

Sasa nafika mahali ninapochanganyikiwa, na ninyi wa mtaani naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Mnaukumbuka ule uwanja ulio katikati ya majengo yenu manne. Dada alipohamia, ulikuwa jalala. Watu walipita wakiangalia viatu vyao, salamu zilikuwa za kuokoteza. Kila majira ya machipuko, baridi ilipoisha, watu waliteremsha mapazia mazito ili yafuliwe, na kwa wiki moja au mbili madirisha yote yalikuwa wazi, kila mtu akimwona mwenzake anavyokunywa chai. Dada alisema hizo ndizo wiki pekee alizopata kuwajua majirani zake. Mwaka 1997 aliamua kuzitumia. Alibisha mlango kwa mlango akiomba watu watoke Jumamosi moja wasafishe uwanja. Mmoja alimjibu, "Mama, hiyo kazi ya manispaa." Wengine walisema, "Tutaangalia," na sote tunajua maana yake. Hakuna aliyeahidi kuja.

Ndipo akabandika karatasi kwenye milango minne. Ilisema: "Jumamosi tarehe 12 Aprili ni siku yangu ya kuzaliwa. Zawadi sitaki. Njoo na fagio."

Wakaja kumi na mmoja. Mtu anaweza kukataa kuzoa taka, lakini kumnyima mjane bethdei yake ni vigumu. Kinyozi wa jengo la pili hakuwa na fagio, akaja na mkasi, akawanyoa watoto bure kwenye benchi lenye miguu mitatu. Dada aliniambia alipanga kuwaeleza ukweli jioni ile, kazi ikishakwisha. Lakini walimwimbia, naye akaona haya kuwakatiza. Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, mama wa ghorofa ya nne alibisha hodi. "Mama Pazia, bethdei yako mwaka huu tunafanya Jumamosi ya tarehe ngapi? Rangi ya mabenchi nimeshanunua mimi." Dada alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa zote, moja moja, akifikiri. Kisha akasema, "Tarehe kumi na moja."

Na kuanzia hapo ikawa ni bethdei yenye fagio. Mafundi bomba walirekebisha mabomba ya wazee, walimu walikusanya vitabu, watu wakabadilishana miche ya maua, wasiosemezana wakajikuta wameshika ngazi moja huku na huku. Mitaa mitatu ya jirani ikaiga, kila mtaa na Jumamosi yake. Alipotimiza miaka sabini, ofisi ya meya ilimwandikia barua ya pongezi kwa siku yake ya kuzaliwa, yenye muhuri, kwa tarehe ambayo hakuzaliwa. Barua hiyo ninayo. Kama karani, sijapata faili la kuiweka.

Sisi ndugu hatukujua lolote. Mimi naishi mwendo wa saa moja kwa basi, na nilikuwa nikimtembelea siku za mapumziko ya mwisho wa mwaka, basi. Tarehe 15 Aprili 2023 nilikwenda bila taarifa, nikimpelekea pazia la sebuleni kwangu apunguze pindo. Nikakuta watu kama mia mbili uwanjani, ngazi, ndoo, muziki, na dada yangu amekaa katikati kwenye kiti kilichofungwa maputo. Kinyozi alinikabidhi fagio kabla sijasema shikamoo.

"Wewe nani wake?"

"Mdogo wake."

"Aa! Karibu, karibu. Umechelewa lakini, bethdei ya dada tumeanza tangu saa mbili."

"Bethdei gani?"

Akacheka, akanipiga bega. "Jamani, huyu mzee ana utani!"

Nikamtazama dada. Akanitazama kwa jicho lile la mtu aliyevunja kioo. Nikafagia mpaka saa tisa. Lakini tulipobaki wawili nilimgombeza, Mungu anisamehe. Nilimwambia kwamba mtu mzima hadanganyi mtaa mzima, tena kuhusu tarehe, tena dada yangu mimi. Nikamwambia tarehe yake ni 19 Novemba na ninayo kwenye kumbukumbu, nimeiandika kwa mkono wangu. Yeye akaendelea kutoa nyuzi kwenye pindo langu. "Sawa, karani," akasema.

Mwezi Septemba mwaka huohuo madaktari waligundua kwamba moyo wake ulikuwa umechoka. Alilazwa tarehe 12 Januari 2024. Majirani walimpangia zamu ya kumwona, wakaibandika kwenye mlango wa jengo, asubuhi na jioni. Muuguzi mmoja aliniuliza pembeni, "Huyu mama ana watoto wangapi?" Nikasema wawili. Akaniangalia kama ninaficha wengine. Pazia la wodi lilikuwa limepungua shubiri nzima, na dada hakulivumilia: aliletewa kitambaa, akaongeza kipande kwa mkono, akiwa amelala, kwa siku nne. Siku ya nne nilimuuliza kwa upole kwa nini, kama ilikuwa lazima kusema ni bethdei, hakungoja bethdei ya kweli. Akanicheka. "Novemba? Nani atatoka nje na fagio kwa baridi ile?" Jibu lilikuwa zuri, nikalichukua. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Jumatatu iliyofuata kinyozi alileta kibao nyumbani kwa dada. Nilipoona tarehe nikamwambia kimekosewa, kirudi kwa fundi. Nikatoa cheti. Hakukitazama cheti.

"Mzee," akasema, "sisi siku hiyo tumekaa naye miaka ishirini na saba. Wewe hiyo yako umekaa naye lini?"

Niliingia chumba cha kushonea nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti chake kama dakika kumi, sijui nimekasirika au nimefanya nini.

Kuna maneno ya dada ambayo nimeyaruka hapo juu. Nilikusudia kuyaruka kabisa, na wapwa zangu waliniambia naweza. Naona siwezi. Siku ile hospitalini, baada ya kucheka, alivuta uzi, akaukata kwa meno. Akasema hivi: "Na Novemba sikuwaambia wale wa mtaani kwa sababu siku hiyo nilikuwa sipokei wateja. Nilikuwa nakaa karibu na simu. Niliona aibu wanikute nangoja."

Ndugu zangu, ilikuwa Januari. Novemba ilikuwa imepita miezi miwili tu. Aprili nilimgombeza kwa sababu ya tarehe, nikiwa nimeinua kidole, na tarehe yenyewe ilipofika nilikuwa kazini, ingawa ilikuwa Jumapili, nikikagua vyeti vya watu wengine. Nimewauliza wenzangu. Binti yake alidhani mjomba amepiga. Mwanawe alidhani mama hapendi mambo hayo. Ndugu zangu wawili walidhani mimi ndiye mwenye kumbukumbu. Wote tulikuwa sahihi kuhusu tarehe, na hakuna aliyepiga.

Bado sielewi mambo mengi. Sielewi mtu aliyenikokota hadi mlangoni kwa jirani kwa sababu ya kioo kimoja aliwezaje kuishi na uongo ule miaka yote hiyo na kulala vizuri. Sielewi kama nyinyi wa mtaani, ambao leo ndipo mnasikia, mtaniona nimewavunjia heshima au vipi. Sielewi kwa nini nilimwonea wivu dada yangu alipokaa kwenye kiti kile cha maputo. Ila kuhusu kibao nimeamua. Kibao kibaki kama mlivyokiandika, 12 Aprili, na mimi karani nimetia sahihi. Hiyo ndiyo siku watu walikuja.

Marehemu ameacha binti, ambaye ni mkunga nje ya nchi, mwana, dereva wa malori, wajukuu watano, wadogo zake watatu, yaani dada yetu mshona viatu, kaka yetu mwalimu mstaafu, na mimi. Ameacha pia watu wa mtaa wake. Nilimwomba kinyozi anipe idadi kamili ili niiandike, akaniambia niandike "wengi." Sijawahi kuandika "wengi" katika waraka wowote maishani mwangu. Nimeandika.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi, na ninyi mliomtunza kwa zamu tukiwa bado tunatafuta nafasi.

Dada, samahani kwa Novemba zote. Pumzika kwa amani.